Kipande cha Nne

Oluoch alikufa mwongo, na mimi nilikuwa mmoja wa wale sita waliobeba jeneza lake. Nilimlilia kabisa. Kama ningejua siku ile nilichokuja kujua mwezi wa pili mwaka huu, jeneza ningebeba bado, maana mtu lazima azikwe, lakini machozi ningebaki nayo.

Tulifanya kazi pamoja katika sinema moja ya Wahindi upande wa Ngara, kazi ya kubandika mabango. Nilikuwa nimeacha shule darasa la sita na hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu ya kwanza ya maana. Filamu ikija, mabango yake yanakuja nayo, yamekunjwa ndani ya bahasha kubwa za kaki. Tunapika gundi ya unga wa ngano kwenye debe, tunapanda ngazi, tunabandika. Filamu ikiondoka, tunabandika nyingine juu yake. Yaliyobaki yanatupwa stoo. Mengi yalikuwa ya Kihindi, lakini kulikuwa na ya Kichina, ya Kiitaliano, hata ya Kiarabu kutoka Misri. Sikuweza kusoma hata moja na mpaka leo siwezi. Hilo halikunisumbua. Waliochora yale mabango hawakuwa wakichorea watu wa kusoma.

Sinema ilipofungwa, mwenyewe alituambia tuchome kila kitu kilichokuwa stoo. Hatukuchoma. Tulibeba kwa mkokoteni mpaka Kibera, safari tatu, tukagawana sakafuni kwangu Kambi Muru. Moja langu, moja lako. Tuligawana vizuri mpaka tukafika kwa lile kubwa.

Lilikuwa la vipande vinne. Mabango makubwa yalichapishwa hivyo, kipande kwa kipande, halafu mbandikaji anayaunganisha ukutani. Chini kushoto kulikuwa na farasi. Chini kulia, sketi nyekundu ya mwanamke na maandishi ya manjano. Juu kushoto, mwanamume mwenye masharubu na bunduki. Na juu kulia ulikuwa uso wa yule mwanamke. Ule uso ndio ulikuwa bango lenyewe, yale mengine yalikuwa ya kujaza nafasi. Mchoraji alimpa hasira. Si hasira ya kuigiza. Ilikuwa hasira ya mtu aliyeambiwa angoje, akangoja, na sasa amechoka. Nimeona mabango mengi tangu wakati huo na sijaona mwanamke mwingine aliyechorwa hivyo.

Mimi nilimtaka, Oluoch alimtaka. Tulitukanana mpaka majirani wakaja mlangoni. Mwishowe Oluoch akachukua kile kipande cha juu kulia, akakikunja, akatia ndani ya shati.

"Basi hakuna mtu atakuwa nalo lote," akasema, na akaenda zake.

Tulikaa miezi minne bila kusemezana. Tulipopatana nilimuuliza kipande kiko wapi. Aliniangalia machoni akasema kilinyeshewa, kikaharibika, akakitupa. Nikaamini. Huyo alikuwa rafiki yangu.

Miaka ishirini na sita nimeyatunza mabango. Siku hizi mimi ni fundi wa kupaka rangi nyumba, na mkono wangu ni mzuri. Kila bango nalibandika nyuma yake kitambaa cha amerikani kwa gundi ya ngano niliyoitia dawa ya mende, nalikausha, nalizungusha, nalitia ndani ya paipu ya plastiki ya maji taka na kuziba ncha zote mbili. Panya hawaingii. Mvua haiingii. Nimeokota mengine kwa wauza vyuma kuukuu na kwa Wahindi wanaohama, na sasa yako mia moja na kumi na tatu. Chini ya kitanda changu hakuna nafasi ya kuweka hata kiatu.

Lile la vipande vitatu pekee ndilo nililiweka ukutani. Wageni wakiingia wanacheka. Christine, mke wangu, alizoea kuwaambia, "Huyo ndiye mwanamke wake. Hana kichwa, hawezi kumuuliza ametoka wapi." Nilikuwa nacheka nao. Lakini mtu akiondoka, naliangalia tena ile nafasi tupu ya juu kulia, na kila mara inanichoma.

Basi mwezi wa pili Nereah, mjane wa Oluoch, akanipigia simu kutoka Kawangware.

"Baba Daisy, sasa."

"Poa, shemeji. Kuna nini?"

"Landlord ametupatia notisi. Anabomoa plot yote anajenga ghorofa ya mawe. Mimi natoka Jumamosi, nimepata chumba Riruta."

"Nije nikusaidie kubeba?"

"Sawa, lakini si hiyo. Nataka kukuambia kitu na usinifokee."

"Sema."

"Ile picha yenu iko hapa kwangu."

Nilikuwa juu ya ngazi Soweto East, napaka dari ya mtu. Nilishuka nikakaa kwenye ndoo ya rangi.

Nereah akaeleza. Oluoch alipomchukua wakahamia kile chumba, kilikuwa cha ukuta wa udongo na hakina dirisha. Ndani kulikuwa giza mchana. Akachukua kile kipande akakibandika ukutani nyuma ya kitanda, upande wa picha ukiangalia udongo na upande mweupe ukiangalia chumba, ndiyo mwanga wa taa urudi. Kisha kila Krismasi Nereah alikuwa akibandika magazeti mapya juu yake, kama watu wote wanavyofanya, nyumba ionekane safi sikukuu ikija. Krismasi ishirini na tano za magazeti.

Mimi nimekunywa chai kwa hicho chumba mara ngapi? Nimekaa kwenye hicho kitanda, mgongo wangu umeegemea huo ukuta, Oluoch ananimiminia chai na kuniuliza kama bado natafuta mabango.

"Mbona hukuniambia akiwa hai?"

"Alikuwa bwana yangu."

"Na akishakufa? Amekufa miaka miwili."

"Niliogopa mdomo wako, baba Daisy. Huo huo unaotumia sasa."

Alhamisi nilikwenda Kawangware. Hiyo plot iko ndani kidogo, vyumba kumi na vinne vya udongo na mabati, vimepangwa safu mbili zinazotazamana. Mwenyewe ni Ng'ang'a, mtu wa umri wangu, aliyerithi kutoka kwa baba yake. Nilimkuta kwenye gate amevaa koti, anatazama wanaume wawili wakicheza drafti kwa vifuniko vya soda.

"Unatafuta nani?"

"Naitwa Osewe. Nilikuwa rafiki ya marehemu Oluoch wa namba nane. Kuna kitu changu kiko ukutani kwake, chini ya magazeti. Nataka nikitoe kabla hujabomoa."

"Kitu gani?"

Hapo ndipo nilipoharibu. Watu wanajua mimi ni mtu wa kusema kitu kilivyo, na nimegombana na wengi kwa sababu hiyo. Lakini wale wa drafti walikuwa wameacha kucheza wananisikiliza, na nikajiona nilivyo, mzee wa miaka hamsini na mbili ana rangi kwenye nywele, anasema ametoka Kibera kuja kutafuta picha ya mwanamke wa Kihindi. Niliona aibu. Nikazunguka.

"Ni karatasi tu ya zamani," nikasema. "Haikuhusu."

Ng'ang'a akanisogelea.

"Karatasi ya nani?"

"Yangu na Oluoch. Aliificha hapo wakati alihamia."

"Mwaka gani?"

"Elfu mbili."

"Baba alikuwa bado hai," akasema, lakini hakuwa akiniambia mimi. "Iko na maandishi?"

"Iko nayo, sehemu ya chini. Lakini mimi siwezi kuyasoma."

Akaniangalia tangu viatu mpaka kichwani. "Kuja Jumamosi saa nne, huyo mama akishatoa vitu. Na kabla ya hapo sitaki mkono wa mtu kwa ukuta wangu. Kila kitu kimebandikwa kwa hii plot ni cha plot mpaka niseme."

"Wewe sema tu hivyo," nikamwambia, na nikaondoka nikifikiri nimefanya vizuri.

Ijumaa nilinunua mita mbili za amerikani na pakiti ya unga wa ngano. Nilijua kazi itakavyokuwa. Unalowesha magazeti kidogo kidogo, unaambua tabaka moja moja, haraka ni marufuku. Niliona kazi ya siku mbili.

Jumamosi saa nne nilifika nikamkuta Nereah uani, amekaa juu ya godoro lililokunjwa, masufuria na kitanda vimetupwa kando yake juani.

"Nani amekutolea vitu hivi?"

"Landlord. Amebisha saa kumi na mbili asubuhi. Sikuwa nimevaa hata kitambaa cha kichwa. Amekuja na jembe, baba Daisy. Jembe ndani ya nyumba."

Niliingia. Kile chumba hakikuwa chumba tena. Magazeti yalikuwa sakafuni mpaka magotini, mengine yametoka kwa mabamba magumu kama mbao, na kati ya mabamba hayo ungeweza kuona nyuso za watu wa uchaguzi huu na ule, za wachezaji mpira, matangazo ya sabuni. Kuta tatu alikuwa amezichuna mpaka udongo. Ng'ang'a mwenyewe alikuwa amevaa fulana, jasho linamtoka, ameshika karatasi kubwa nyeupe iliyopasuka vipande viwili. Alikuwa akiiinua mlangoni kwenye mwanga, anaigeuza, anaiinua tena.

Niliitambua kwa ukubwa wake.

"Umefanya nini wewe?"

"Barua iko wapi?" akasema.

"Barua gani?"

"Fundi, usinifanye mjinga. Barua ya baba. Oluoch ndiye alikuwa anamsomea gazeti mzee akiwa mgonjwa, ndiye alikuwa anamletea maji. Kama mzee alimpa mtu karatasi afiche, alimpa yeye. Nimetafuta hii plot yote isipokuwa hapa."

"Hapo hakuna barua. Hiyo umeshika ni picha ya sinema."

"Ya nini?"

"Ya sinema. Picha. Ya filamu ya Kihindi."

Aliangalia ile karatasi. Ilikuwa tupu pande zote mbili. Akacheka, lakini hasira ilikuwa inapanda.

"Mtu mzima anatoka Kibera, ananiringia kwa gate yangu kwamba haikuhusu, kwa sababu ya picha? Na picha yenyewe iko wapi?"

Nilitaka kumpiga. Nasema ukweli, niliangalia lile jembe liliposimama na nikaangalia shingo yake. Kilichonizuia ni ile karatasi. Tupu pande zote mbili. Karatasi ya zamani ikibanduliwa kwa nguvu haitoki yote. Inagawanyika katikati ya unene wake, nusu inakuja na mkono, nusu inabaki. Nilimsukuma Ng'ang'a kando nikasogea kwa ukuta wa nyuma ya kitanda. Ulikuwa na ngozi nyembamba ya kijivu juu ya udongo. Nilichukua chupa yangu ya kunyunyizia maji nikapuliza mara mbili, tatu.

Ngozi ilipolowa, rangi ikatokea. Kwanza wekundu wa shavu, halafu weusi wa nywele, halafu jicho moja, halafu la pili. Alikuwa ameangalia upande usio wake, kwa sababu nilikuwa namwona kwa nyuma, kupitia kwa karatasi. Lakini alikuwa yeye. Miaka ishirini na sita, na hasira yake haikuwa imepungua hata kidogo.

Hata Ng'ang'a alisogea kuangalia.

"Si mkorino huyo, hana hata kilemba," akasema. Hakuna aliyecheka.

Nilianza kazi bila kumuuliza. Kitu kama hicho huwezi kukivuta, kitakuwa unga mkononi. Unapaka gundi juu yake kwa upole, unalaza amerikani juu ya gundi, unaisugua kwa brashi mpaka hewa yote itoke, halafu unangoja. Gundi ikikauka vizuri, kitambaa kitashika karatasi kuliko udongo unavyoishika, na ukivuta kitatoka chote pamoja na vumbi la ukuta. Kisha unaosha udongo polepole na uso uko pale, umetazama upande wake. Lakini lazima ikauke. Kwa chumba kile, mlango ukiwa wazi na jua likiingia, ilihitaji mpaka jioni, na afadhali kesho yake.

Nilikuwa nasugua pembe ya mwisho niliposikia sauti ya mwanamke mlangoni.

"Umepata nini, Ng'ang'a?"

Alikuwa Wagaki, dada yake mkubwa. Nilikuwa namjua kwa kumwona. Anauza mboga hapo nje ya gate na analala chumba cha mwisho karibu na choo. Aliolewa Nyandarua, ndoa ikaisha, akarudi kwao miaka kumi na miwili iliyopita. Nereah alikuwa amenisimulia yaliyobaki. Baba yao alikuwa akisema wazi kwamba ameandika nusu ya plot iwe ya Wagaki. Alipokufa, karatasi haikuonekana. Ng'ang'a aliapa mbele ya ndugu za baba yao, si mara moja, kwamba mzee hakuandika kitu na kwamba hakuna barua iliyowahi kuwako.

"Sijapata kitu," Ng'ang'a akamjibu.

"Umechimba nyumba tangu asubuhi na jembe, kutafuta sijapata kitu?"

"Enda uuze sukuma."

"Sukuma inaweza kungoja." Akatazama kuta, akatazama magazeti, akanitazama mimi na brashi yangu. "Na huyu ni nani?"

"Ni fundi."

"Fundi wa kupaka rangi nyumba inayobomolewa?" Akatoa simu kwenye aproni. "Wacha niite wazee. Watakuja saa tisa. Na hakuna mtu atagusa huu ukuta."

Akatoka nje akiongea Kikuyu kwa sauti ambayo plot yote ilisikia. Ng'ang'a akanishika kiwiko akanipeleka nyuma ya choo.

"Sikiliza, omera," akasema. Ni neno letu Wajaluo la kumwita mtu ndugu, na nilichukia alivyolitamka. "Wazee watakuuliza. Wewe utasema hivi. Alhamisi uliniambia ni picha, nikakubali, leo nikaingia kukusaidia kuitoa. Kwisha. Ukisema hivyo, huo ukuta utasimama mpaka Jumatatu na nitakuletea hata jiko la makaa ukaushe."

"Na nisiposema?"

Akaonyesha kwa kidevu. Wanaume watatu walikuwa wamekaa kando ya gate na nyundo kubwa na mitaimbo. "Hao ni wangu leo mchana wote. Namba nane inaanguka kwanza."

Nilirudi ndani nikaweka kiganja juu ya kitambaa. Kilikuwa baridi, maji bado yamejaa.

Nitasema kitu ambacho sikukipenda nafsini mwangu. Nilifikiria kukubali. Nilikaa mlangoni kwa saa tatu, kila dakika kumi naweka kiganja, na nikajiambia mambo ya mashamba yao si yangu. Mimi ni mpangaji mtoto wa mpangaji. Hakuna Ng'ang'a wala Wagaki aliyewahi kuniuliza nalala wapi. Waachwe wamalizane, nichukue uso wangu niende.

Nereah aliniletea uji kwenye kikombe.

"Amekuambia nini huko nyuma?"

Nikamwambia.

"Na wewe utafanya nini?"

"Sijui. Bwana yako angefanya nini?"

"Wewe unajua angefanya nini," akasema, akaenda kukaa juu ya godoro lake.

Hiyo ilinikasirisha kuliko maneno yote ya siku hiyo.

Saa tisa wazee walikuja wawili. Mkubwa wao alikuwa Wainaina, ndugu wa marehemu mzee, kofia ya sufu na fimbo, miguu inatetemeka lakini macho makali. Waliwekewa viti uani. Wapangaji walisimama kando kando ya kuta kama watu wa mazishi. Walianza kwa Kikuyu, na mimi Kikuyu nasikia cha soko tu, lakini jina la marehemu nililisikia mara nyingi. Halafu Wainaina akanigeukia na Kiswahili.

"Wewe fundi. Wewe si wa hii nyumba, huna upande. Tuambie. Ilikuwa karatasi gani?"

Ng'ang'a aliniangalia. Wagaki hakuniangalia. Alikuwa anatazama mikono yake, ambayo ilikuwa ya kijani kwenye kucha kwa sababu ya mboga.

"Mimi sitaki maneno mingi," Wagaki akasema polepole. "Nimechoka. Mtu aseme tu kile kimefanyika."

Nikasimama.

"Hakuna barua, mzee. Mama, pole, hakuna. Kilichokuwa ukutani ni picha ya sinema ya Kihindi, kipande kimoja. Ingia uone, iko chini ya kile kitambaa."

Niliona mabega ya Wagaki yakishuka. Ng'ang'a akaanza kutabasamu, akafungua mdomo aseme. Hapo nikapandisha sauti.

"Sijamaliza. Huyu ndugu yake, Alhamisi sikumwambia ni picha. Niliona aibu. Nilimwambia ni karatasi ya zamani iliyofichwa mwaka elfu mbili, basi. Leo saa kumi na mbili amemtupa mama wa watu nje, akaingia na jembe, na nilipofika kitu cha kwanza aliniuliza ni barua ya baba iko wapi. Aliniambia ametafuta plot yote isipokuwa hicho chumba. Sasa mimi sikusoma, nisaidieni. Mtu aliapa mbele yenu hakuna barua. Alikuwa anatafuta nini?"

Hata mtoto wa mtu aliyekuwa akilia uani akaacha.

Wainaina aligeuza kichwa polepole. "Ng'ang'a," akasema. "Jibu fundi."

Uso wa Ng'ang'a ulikuwa umebadilika rangi. Alinionyesha kidole, kisha akageukia gate.

"Vunjeni namba nane," akapiga kelele. "Sasa hivi. Vunjeni."

Wale wanaume walitazamana. Wawili hawakuinuka. Wa tatu alikuwa mtu wa kutii, akazunguka nyuma ya nyumba na nyundo. Nilikimbia ndani. Sikuwa nimefika ukutani pigo la kwanza likaja kutoka upande wa pili, na udongo wote ukaruka kama mtu aliyeshtuliwa usingizini. Ufa ukatokea juu ya ukuta ukashuka mpaka kwenye kitambaa changu. Nilishika pembe mbili za juu. Bado kilikuwa kibichi, nilikihisi vidoleni. Hapakuwa na namna. Pigo la pili likaja na nikavuta.

Kilitoka kwa sauti ya kitu kinachochanika, na nilijua hapo hapo kwamba kuna kilichobaki. Nikaanguka nacho juu ya magazeti. Nusu ya ukuta ikaingia ndani baada yangu, vumbi tupu, fito zimeinama. Nje nilisikia fimbo ikipiga mabati na sauti ya Wainaina, ya kizee lakini kubwa, ikimwambia mwenye nyundo kwamba akiinua tena atamlaani yeye na watoto wake. Nyundo ikanyamaza. Laiti ingenyamaza dakika moja mapema.

Nilitoka na kitambaa nimekishika kwa mikono miwili kama sinia. Nereah alikuwa tayari na karai la maji. Tulikilaza juu ya mlango wa zamani uliong'olewa uliokuwa umelala uani, nikaanza kuosha udongo kwa kitambaa laini, polepole, na wapangaji wakasogea kuona.

Nywele zilikuwepo. Paji la uso lilikuwepo. Jicho la kulia lilikuwepo lote, na sikio na herini yake, na mdomo. Upande wa kushoto, kuanzia kwenye nyusi mpaka kwenye taya, ulikuwa amerikani tupu. Jicho la kushoto lilibaki kwenye udongo, na ule udongo sasa ulikuwa rundo sakafuni.

Nilisema maneno ambayo siwezi kuandika hapa. Nilimtukana Ng'ang'a na baba yake. Nilimtukana Oluoch kwa Kijaluo ili asikie vizuri. Nilijitukana mimi na aibu yangu ya Alhamisi, maana kama ningesema neno moja pale kwenye gate, picha, huyo mtu angecheka na wale wa drafti wangecheka, na jicho lingekuwapo.

Wazee walikuwa wameinuka. Wainaina alisema kwamba hakuna jiwe litakalowekwa kwenye hiyo plot mpaka atafutwe wakili ambaye mzee alikuwa akienda kwake, na kwamba Ng'ang'a atakula kiapo upya, safari hii mbele ya kanisa zima. Ng'ang'a alishaingia kwake akafunga mlango. Wale wa nyundo waliuliza kama wanaweza kwenda. Wakachukua mitaimbo yao wakaenda.

Wagaki alikuja akasimama kando ya ule mlango. Alitazama kwa muda mrefu.

"Ni huyu ulikuwa unatafuta?"

"Ndiyo."

"Ni nani?"

"Sijui. Jina limeandikwa kwa kipande cha chini kilicho kwangu, lakini sisomi hiyo."

"Ameudhiwa na nini?"

"Hiyo pia sijui."

"Ng'ang'a alikuambia usemeje?"

Nikamwambia, na nikamwambia pia ningepewa nini. Hakusema asante, na vizuri hakusema, maana ningemjibu vibaya. Aliinama akagusa ile sehemu tupu ya kitambaa kwa ncha ya kidole, akafuta kidole kwenye aproni.

"Usimchoree jicho lingine," akasema. "Mafundi mnapenda kufanya hivyo." Akarudi kwenye mboga zake, ambazo jua lilikuwa limezinyausha zote.

Niliikunja kazi yangu kwenye gazeti kavu. Nereah alikuwa amesimama nyuma yangu muda wote.

"Baba Daisy," akasema. "Kwa niaba ya Oluoch, nataka nikuombe..."

"Wacha. Hilo aje aseme mwenyewe."

"Amekufa."

"Basi nitamngoja. Na bado nitakuwa nimekasirika." Nikaweka kile kifurushi juu ya godoro, mahali pakavu. "Shika upande ule wa kitanda, shemeji. Riruta si mbali, lakini jua linashuka."